Siku Mama Bukuru Alipotusalimia kwa Adabu

Hakuna jambo la dunia hii linaloweza kunishangaza. Nalisema hilo mbele za watu na sijapata mtu wa kunibishia. Nimeona boti likikatika katikati kama muwa na mwenyewe nimo ndani. Nimeona mtu aliyekuwa akinicheka nilipokuwa napita pekupeku akija getini kwangu kuomba kazi ya ulinzi, nikampa. Nimeona meneja wa benki akisimama kunipokea, mimi ambaye darasa la nne sikulimaliza. Ukifika Katubuka, hapa Kigoma, ukauliza nyumba yenye bati la bluu na nguzo mbele, hata mtoto atakusindikiza. Maboti ya mizigo ninayo, duka la vifaa vya ujenzi ninalo, na katika vyote hivyo sikurithi hata msumari.

Lakini juzi nilishuka Kibirizi kuangalia boti langu moja lililopandishwa mchangani kuzibwa nyufa. Vijana walikuwa wamewasha moto, lami inachemka kwenye debe, pamba imelundikwa juu ya gunia. Upepo ukageuka, moshi ukanijia usoni. Nikarudi kwenye gari, nikafunga vioo, nikakaa. Dereva akaniuliza, "Bosi, presha?" Nikamwambia awashe gari tuondoke. Haikuwa presha. Nyinyi mnaolingana nami umri mnajua jinsi harufu inavyoweza kumshika mtu mzima shingoni na kumrudisha mahali alikokwisha kutoka, mahali ambapo hata kwa fedha zake zote hana la kufanya.

Tulivuka ziwa nikiwa bado naota meno ya pili. Kwetu ng'ambo kulikuwa kumechafuka. Siwezi kueleza vizuri kulichafukaje, maana mengi niliyaona nikiwa chini ya kitanda. Tulikuwa wanne: baba na sanduku lake la zana, mama na sufuria moja kubwa aliyofunga mfuniko wake kwa kamba ili vijiko visimwagike, mimi, na mdogo wangu wa kike, Faida, ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni. Baba alikuwa na jina la binamu yake aliyekuwa akiishi Ujiji. Safari nzima alikuwa akilitamka jina hilo kama mtu anayepapasa mfuko kuhakikisha ufunguo upo. Tulipofika tukaambiwa binamu alihamia Mpanda zamani, na waliokaa kwenye nyumba yake hawakuwa wakimjua. Walitupa maji ya kunywa. Baba akashukuru, akageuka, akatembea mpaka ufukweni Bangwe, akakalia sanduku lake.

"Hapa hatuna mutu," mama akasema. Alisema "mutu" na "batu" mpaka alipokufa. Ulimi wake haukuvuka ziwa.

Mimi sikumwelewa. Nilitazama huku na huku, ufukwe umejaa watu: wavuvi, wachuuzi, wanawake wanaoanika dagaa kwenye chanja, watoto wanaofukuza kunguru. Nikadhani mama amechoka na macho yake hayaoni vizuri.

Tukalala chini ya upenu wa stoo ya samaki. Na pale ndipo Mama Bukuru alipotuona. Alikuwa Mha mnene, sauti yake ikisikika mpaka kwenye mitumbwi, na mdomoni daima ana kiko kisicho na moto. Wanawake wa chanja zile wote walikuwa kama askari wake. Alikuja akasimama mbele yetu, mikono kiunoni, akatukagua kama mtu anayenunua mbuzi.

"Nyie wala nyani!" akasema. "Mmewamaliza nyani wa kwenu ndiyo mmetufuata sisi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mama akainamisha kichwa.

"Na huyu mwanaume mrefu hivi, akikosa nyani anakula nini? Jamani, ficheni watoto!" Kisha akachota dagaa beseni zima, akammwagia mama kwenye khanga. "Shika. Kuleni samaki, mniachie wanangu wakue."

Nikamwuliza mama, "Juu ya nini ule mama anatutukana?" Watoto wa pale wakashika matumbo kwa kucheka namna ninavyosema. Mama hakunijibu. Kwa hiyo nikajijibu mwenyewe: yule mwanamke anatuogopa. Anadhani kweli tunakula watu, na dagaa wale ni kodi anayotulipa tusimdhuru. Wazo hilo lilinipendeza sana. Mwanawe Bukuru alikuwa wa umri wangu, na kila nilipomwona nilimtolea meno na kunguruma. Alikuwa akikimbia huku akipiga kelele, "Anakula mtu! Anakula mtu!" halafu anarudi mwenyewe nimfukuze tena. Niliona mimi ndiye mtoto mwenye nguvu kuliko wote Bangwe.

Kila siku alitutukana, na kila tusi lilikuja na kitu mkononi. Leo unga wa muhogo, kesho chumvi, siku nyingine mkeka uliotoboka. Akiona mama anapika sombe, kisamvu cha kwetu, anafunua sufuria, anaonja, anatema, anasema hata mbuzi wake asingekula, halafu anamimina mawese humo kutoka kwenye chupa yake. Mama alivumilia kimya kwa muda mrefu. Mpaka asubuhi moja, Mama Bukuru alipomwuliza mbele ya kila mtu kama nyani huchinjwa shingoni au hupigwa rungu, mama akasimama wima.

"Afadhali sisi tunakula nyani mchana, batu banaona," akasema. "Nyinyi Waha usiku kucha mnapanda fisi, asubuhi mnakuja kuanika dagaa mnasinzia!"

Kiko kikamtoka Mama Bukuru mdomoni kikaanguka mchangani. Nikajua sasa tunapigwa. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi. Alipoipata alicheka mpaka akakaa chini, akaupiga mchanga kwa viganja, machozi yanamtoka. "Ameota mdomo! Mla nyani ameota mdomo! Jamani, nimepata mtani!"

Hivyo ndivyo mama yangu alivyopata watu Kigoma. Sijaona ofisi iliyofanya kazi ya tusi lile. Kwa wenyeji utani ni wa kurithi, kabila na kabila, toka kwa mababu. Mgeni asiye na kwao hupimwa tu: anachokozwa, anachokozwa tena, mpaka siku atakapojibu. Akishajibu, amefika. Wiki ile ile Mama Bukuru alimpa mama nafasi kwenye chanja, akatutafutia chumba Buzebazeba kwa shemeji yake, akamwonyesha muuza chumvi asiyepunja, na bibi anayejua kukanda kifua cha mtoto. Mama alipougua, wanawake wale walikuja kwa matusi mlangoni, wakafua nguo zetu kwa matusi, wakapika, wakaondoka na mchi wetu bila kuuliza. Mama akacheka tu, naye siku nyingine akachukua kuku wao.

Baba ndiye aliyekataa. Alikuwa fundi wa mitumbwi, na si fundi wa kubahatisha. Kwetu wanaume walikuwa wakivua kofia anapopita, na mtumbwi alioumaliza yeye ulikuwa ukinunuliwa kabla haujaguswa na maji. Huku alikuwa mrefu asiye na jina. Alipita kando ya chanja macho mbele, na Mama Bukuru akitoka nyuma yake anatembea kama yeye, shingo ameinyoosha, hatua ndefu, wanawake wanakufa kwa kucheka. Baba hakugeuka hata siku moja.

"Mke wangu si mchekeshaji wa sokoni," alimwambia mama.

"Wanatusaidia, baba Faida."

"Wanatucheka. Nitafanya kazi. Siku nitakapokuwa na nyumba yangu, watanisalimia kama watu wanavyosalimiana."

Nilimpenda baba. Nilimwona ndiye ukuta na sisi wengine tumeegemea. Niliacha hata kumtolea Bukuru meno wakati baba yupo karibu, nisimwaibishe.

Masika Faida akapata homa. Tulimpeleka hospitali, tukarudi naye, tukampeleka tena, na mara ya pili tulirudi naye amefunikwa. Mama hakulia. Alikaa chini akaugeukia ukuta, mgongo kwetu, na hakuna aliyeweza kumtoa pale. Niligusa bega lake, likawa kama bega la mtu mwingine.

Baba akatoka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mbao alizopewa na mteja kwa ajili ya mtumbwi, mbao nzuri zilizokauka. Akazikata, akaanza kuunganisha. Nilimshikia. Alipomaliza kugonga misumari hakuridhika. Akawasha moto, akachemsha lami kwenye kopo, akaanza kuziba kila kiungo kwa pamba, anaisukuma ndani kwa patasi, anapaka lami juu, anaisukuma tena, taratibu, kama alivyofanya siku zote. Sidhani kama mikono yake ilijua kutengeneza kitu kingine.

Basi mimi nikaona mtumbwi. Mtumbwi mdogo wa Faida. Kila siku baba alikuwa akisema, "Tutarudi kwetu," na nikaelewa kwamba Faida anatangulia, anavushwa kwenda kwa bibi. Iliniingia akilini kabisa. Jambo moja tu lilinisumbua.

"Baba, nani atampigia kasia?"

Hakuinua kichwa. "Niletee pamba nyingine," akasema.

Nilikuwa nimeshika pamba mkononi niliposikia kelele upande wa mbele. Watani walikuwa wamefika. Niliingia ndani nikakuta chumba kimejaa, na katikati yupo Mama Bukuru amevaa koti la baba na kofia ya baba alivyoviangua kwenye msumari, mkononi ana mwiko. Anatembea kwa hatua zile ndefu, shingo juu, anagonga ukuta kwa mwiko.

"Nani kajenga ukuta huu? Unavuja! Mimi fundi mkuu wa ng'ambo nasema unavuja! Leteni pamba! Leteni lami! Mke wangu naye anavuja, mzibeni!"

Wanawake walikuwa wanalala chini kwa kicheko. Mwingine ameivaa sufuria yetu kichwani kama kofia ya askari. Mama Bukuru akaenda akajitupa kizingitini, akalala kuziba mlango.

"Mtoto huyu hatoki! Huyu mchumba wa Bukuru wangu. Nimemlisha dagaa toka amefika, leo mnamtorosha? Nirudishieni mahari yangu, wala nyani wakubwa!"

Nikamtazama mama. Alikuwa amegeuka. Kwanza mabega yalitikisika, kisha akatoa sauti, na sauti ile ilikuwa kicheko, naapa ilikuwa kicheko, halafu katikati kikapasuka na kilio kikatoka, kilio kikubwa, na wanawake wale wote wakamwangukia, wakamshika, wakalia naye. Leo naelewa kilichokuwa kinafanyika: watani walikuja kumtoa mama kilio kilichokwama, maana ndiyo kazi ya mtani msibani. Siku ile niliona watu wamekuja kufurahia kifo cha mdogo wangu.

Baba aliona hivyo hivyo, na yeye hakuwa mtoto. Alikuwa amesimama mlango wa uani, mikono myeusi kwa lami mpaka viwikoni.

"Vua koti langu," akasema.

"Lipa kwanza, mla nyani," Mama Bukuru akajibu pale pale chini alipolala, kiko mdomoni.

Baba akamshika ukosi akamwinua. Koti likachanika begani. Akamsukuma nje, akaanguka uani kwa magoti, kofia ikabingirika mpaka jikoni.

"Mwizi wewe," baba akasema. "Unacheka maiti ya mwanangu? Tokeni. Wote. Tokeni kwenye msiba wangu."

Hakuna aliyejibu. Hilo ndilo lililoniogopesha, maana watu wale walikuwa na jibu la kila kitu. Aliyevaa sufuria akaivua, akaiweka chini polepole isitoe sauti. Wakatoka mmoja mmoja. Na baba, badala ya kukomea hapo, akavaa shati akaenda kwa balozi wa nyumba kumi kushitaki. Nilikwenda naye. Alieleza yote: wizi wa koti, wizi wa sufuria, kutukana marehemu. Balozi alikuwa mzee wa Ujiji, mpole, kofia ya kitambaa kichwani. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Fundi," akauliza, "umemshitaki mtani?"

"Nimemshitaki mwizi."

Balozi akatafuta makubadhi yake kwa miguu. "Basi. Nimesikia," akasema, akanyanyuka, akaingia ndani.

Tukaenda makaburini. Wanaume waliotumwa na Mama Bukuru walikuwa wameanza kuchimba tangu asubuhi. Tulikuta shimo la kufika magotini kwangu, na majembe yameegeshwa vizuri, yamefutwa udongo. Hawakutususia, hilo nawatetea. Mwenye msiba alikuwa amewakataa. Nao wangechimba kwa amri ya nani? Baba akashuka shimoni, nami nikashuka, tukachimba sisi wawili mpaka viganja vyangu vikatoka maji.

Kisha wakaleta sanduku, baba na shemeji yake Mama Bukuru, yule mwenye nyumba, ambaye alikuja kwa kuwa ujirani ulimlazimu. Walipoanza kulishusha mle ndani ya udongo nilipiga kelele. Nilimng'ang'ania baba mguu.

"Si huku, baba! Ziwa liko kule! Ziwa liko kule!"

Ile sauti yangu ndiyo inayonijia nikinusa lami.

Baada ya siku kadhaa mama alirudi kwenye chanja, nami nikamfuata. Mama Bukuru alikuwa anageuza dagaa. Alipotuona alinyanyuka, akatoa kiko mdomoni, akafuta mikono kwenye khanga, akaja akamshika mama mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwakeye, mama," akasema, hivyo ndivyo Waha wanavyoamkiana. "Poleni sana na msiba. Mungu awatie nguvu."

Na wenzake nao wakanyanyuka. Pole mama. Pole sana mama. Mmoja akaleta kigoda, akakipangusa, akamkalisha. Hakuna aliyetaja nyani. Mimi nilivimba kifua. Nilikimbia njia nzima mpaka alipokuwa baba.

"Baba! Leo wametusalimia kwa adabu!"

Baba aliacha kupiga randa. Tangu Faida afe sikuwa nimeona meno yake. "Umeona?" akasema. "Nilikwambia."

Jioni mama alipofika nyumbani akakaa bila kutua beseni. "Balinifukuza," akasema.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Wamekupa kiti."

Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, kama mtu anayetafuta kwenye uso wa mwanawe sura ya mtu mwingine, na akaiona.

Tangu siku ile tuliheshimiwa. Nawaambieni, hakuna familia iliyoheshimiwa Buzebazeba kama sisi. Bei ya dagaa ikishuka, mama alikuwa wa mwisho kujua, na aliyemwuzia hasara alimwambia asante mama. Chanja yake ikivunjika, walimpa pole na kupita. Akiugua, walituma salamu. Bukuru hakukimbia tena meno yangu. Nilipomngurumia alisimama kando ya njia akaniuliza habari za nyumbani. Mtoto wa umri wangu, ananiuliza habari za nyumbani!

Mama alimbembeleza baba. Nilikuwa nikiwasikia wakiwa jikoni, anamwambia kila mara jambo lile lile: chukua jogoo, nenda ukasimame mlangoni kwake, umtukane. Basi. Watakutoza faini, watakula jogoo, yataisha.

"Nikamwombe radhi mwanamke aliyecheka maiti yangu?"

"Si radhi. Matusi."

"Mimi sina matusi," baba alijibu, na ilikuwa kweli. Alikuwa na ufundi, alikuwa na nguvu, hakuwa mlevi, hakumpiga mke wake. Matusi hakuwa nayo.

Watu wanaponisifu siku hizi husema nilianza kazi mapema kwa sababu nilikuwa na akili ya biashara. Hunialika mpaka kwenye semina za vijana, nikawaambie. Nawaambia ndiyo, akili. Ukweli ni kwamba niliacha shule kwa sababu baba yangu hakuwa na mtu mwingine wa kumshikia upande wa pili wa ubao. Mafundi wengine walisaidiana, leo kwangu kesho kwako. Kwetu walipita wakasema kazi njema. Basi nikashika ubao. Nikajifunza mbao, kutoka mbao nikajifunza injini, kutoka injini nikajifunza mizigo, na kila nilichopata nilikipata bila kusukumwa na mkono wa mtu. Nilijivunia hilo, na bado najivunia. Lakini nimejiuliza pia ingekuwaje kama ningesukumwa kidogo.

Baba alirudi ng'ambo kuangalia kiwanja chake kulipotulia, akafia huko, akazikwa na ndugu zake. Mama nikamchukua Katubuka, nikampa chumba chenye choo chake. Mama Bukuru alipokufa nilimpeleka msibani kwa gari. Njiani alikuwa amechangamka, anacheka peke yake, amejifunga khanga vibaya makusudi, na kwenye mkoba ameficha kiko alichokinunua sokoni. Alitaka kuingia kama Mama Bukuru. Alipofika mlangoni, watu wote wakanyanyuka. Mama wa mheshimiwa amefika. Wakamshika mikono, wakamkalisha mbele kwenye kiti cha sofa, wakamletea soda na kitambaa cha kufunika miguu. Alikaa pale mpaka mwisho, mkoba mapajani. Hakuufungua.

Mwaka huu alipoanza kudhoofika aliniita. "Nenda kwa Bukuru," akasema. "Mutukane. Siku yangu mimi nataka kelele."

Nilikwenda. Bukuru ni mwashi, anakaa kule kule Buzebazeba, ana wajukuu. Alinifungulia mlango, akafuta kiti kwa mkono. "Karibu sana, mheshimiwa. Tumefurahi." Nilikuwa nimejiandaa kwenye gari. Nilikuwa na tusi la fisi, nilikuwa na la mke wake, nilikuwa na la nyumba yake iliyopinda na yeye eti ni mwashi. Nikafungua kinywa.

"Habari za familia?" nikasema.

"Nzuri sana, mheshimiwa. Za kwako?"

Tukanywa chai. Tukazungumza kuhusu mvua. Na wao nao jamani! Miaka yote hiyo, mtaa mzima, hakuna hata mmoja aliyejitokeza kunichokoza, hata mlevi mmoja? Nilipoondoka nilimwachia bahasha. Kabla sijawasha gari mjukuu wake alinikimbilia nayo, kwa mikono miwili: babu anashukuru, lakini amesema kwa kweli isingefaa.

Mama alikufa baada ya hapo. Nilimfanyia msiba ambao Katubuka wataueleza. Maturubai meupe, viti vyenye vitambaa, vipaza sauti, kwaya iliyokodiwa, wapishi waliovaa sare, gari la maiti lenye maua, kaburi la vigae. Watu walijaa. Walikaa kimya, walikula kwa utaratibu, walinipa pole mmoja mmoja. Nilikaa nikiangalia mlango wa chumba chake. Khanga zake zilikuwa zinaning'inia pale, mtu yeyote angeweza kunyoosha mkono akachukua moja, akajifunga, akatoka anatembea kama yeye, anasema "batu." Hakuna aliyezigusa.

Makaburini jeneza likashushwa na vijana niliowakodi. Nikawaambia wangoje kidogo. Padri akanitazama.

"Tunamngoja nani, bosi?" msimamizi wao akauliza kwa sauti ya chini.

Bukuru alikuwa mstari wa pili. Shati limepigwa pasi, kofia ameishika kifuani, macho chini. Hatua mbili tu zilimtenga na shimo. Nilimtazama mpaka akahisi, akainua uso, akaniinamia kichwa kwa heshima zote.

"Endeleeni," nikasema.

Wakafukia vizuri, haraka, kwa bei tuliyopatana. Hakuna aliyelala mlangoni kwangu, hakuna aliyeshuka kaburini akagoma kutoka, hakuna aliyenidai kuku. Nililipa kilichoandikwa, hakikuongezeka hata senti: shilingi milioni sita, laki nane na elfu arobaini na tano.